Kivumishi "fey" cha Kiskoti: Dalili Ilivyogeuka Kuwa Maana

Kamusi nyingi za Kiingereza za siku hizi hukifasili kivumishi fey kwa maneno mepesi. Mtu aliye fey, kwa mujibu wa kamusi hizo, ni mtu wa njozi, mwenye haiba isiyoelezeka, aliye nusu katika dunia hii na nusu katika dunia ya vichimbakazi. Baada ya fasili hiyo, na aghalabu mwishoni kabisa mwa kidahizo, hufuata maelezo mafupi yaliyotiwa alama ya Uskoti: aliyeandikiwa kufa karibuni. Msomaji asiye na sababu ya kushuku huondoka na picha kwamba neno hili lina maana moja ya kawaida, na nyingine ya pembeni, ya kienyeji, inayowahusu wazee wa vijiji vya Uskoti. Historia ya neno inaonyesha kinyume chake. Maana iliyowekwa mwisho ndiyo iliyotangulia, tena kwa karne nyingi; ile iliyowekwa mwanzo ni ya juzi na jana.

Mabadiliko ya maana ni jambo la kawaida katika lugha zote, na lau neno hili lingekuwa limebadilika tu kusingekuwa na haja ya kulitengea mhadhara. Kinacholifanya listahili kuchunguzwa ni njia lililoipitia. Fey halikuwa jina la hali ya moyo. Lilikuwa hukumu, nayo ilitolewa kwa kutazama dalili. Kisha dalili ikachukuliwa kuwa ndiyo maana, na hukumu ikasahauliwa. Hatua hiyo, ambayo katika maneno mengi hutokea gizani bila shahidi, katika neno hili inaweza kuonekana ndani ya maandishi ya mtu mmoja, kati ya mwaka 1815 na mwaka 1822.

Kwanza ni vyema kuiondoa ile alama ya Uskoti mahali isipostahili. Neno hili ni la Kigermania asilia, na katika Kiingereza cha Kale lilikuwa fǣge. Halikuwa na chembe ya ukaskazini. Linatumika katika utenzi wa Beowulf, ambao nakala yake pekee iliyosalia iliandikwa yapata mwaka 1000, na pia katika shairi la vita vya Maldon, vilivyopiganwa mwaka 991 katika jimbo la Essex, kusini-mashariki mwa Uingereza. Katika shairi hilo la pili neno huwataja wale ambao wakati wao wa kuanguka umewadia. Katika Beowulf limo pia umbo lake la ukanushi, unfǣge, yaani asiyeandikiwa kufa bado, na mtunzi anasema kwa maneno yake kwamba majaaliwa mara nyingi humwokoa mtu wa namna hiyo iwapo ushujaa wake haukumwacha. Kauli hiyo imewashughulisha sana wahakiki, kwa kuwa inaonekana kuzunguka: mtu ambaye siku yake haijafika haokolewi kutokana na kifo alichoandikiwa, bali kutokana na kifo ambacho hakikuwa chake. Hata hivyo kuwapo kwa ukanushi ni jambo la maana kwa mwanasemantiki. Kunathibitisha kwamba fǣge liligawa wanadamu mafungu mawili, la waliofikiwa na la wasiofikiwa, pasipo daraja katikati. Mtu hawi fǣge kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 13, katika utenzi mrefu wa Layamon uitwao Brut, neno bado limo tele, na hasa katika maelezo ya vita, ambamo walio fey huanguka kwa makundi. Baada ya hapo Kiingereza cha kusini kilizidi kujaa msamiati wa Kifaransa na Kilatini, na mambo ya kudra yakapata majina mapya. Neno la zamani lilififia upande huo. Kaskazini halikufifia. Kwa hiyo linapoitwa leo neno la Kiskoti, kinachosemwa ni kwamba Waskoti walilihifadhi, si kwamba walilibuni. Wanafunzi wa lahaja za Kiswahili hawatashangazwa na jambo hili, maana msamiati unaoitwa wa Kiamu au wa Kimvita kwa sababu tu haukuingia katika Kiswahili sanifu mara nyingi ni urithi ambao zamani ulienea zaidi. Na hata kukiita Kiskoti lahaja ni suala lenye ubishi. Katika sensa ya mwaka 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 nchini humo walisema wanakizungumza, na sheria iliyopitishwa na bunge la Uskoti mwaka 2025 imekipa hadhi rasmi kama lugha.

Ndugu za neno hili katika lugha jirani hazikuwa na bahati moja. Kijerumani cha zamani kilikuwa na feigi, kwa maana ileile ya aliyeandikiwa kufa. Kijerumani cha leo kina feige, na maana yake ni mwoga. Yamkini njia ilipita kwa mtu ambaye, kwa kujua au kuhisi kwamba siku yake imefika, hutetemeka. Kiswidi na Kidenmaki zilifuata mkondo huo wa Kijerumani. Waholanzi wana veeg, ambalo leo husikika zaidi likiandamana na neno la ishara: ishara veeg ni ishara mbaya, ya kutangaza msiba. Hapo sifa imehama kutoka kwa mtu ikaihamia dalili yake, jambo ambalo halina budi kukumbukwa tutakapofika Uskoti.

Watu wa Aislandi hawakulisogeza neno. Kwao feigur ni mtu wa kufa, zamani na sasa. Katika Saga ya Njáll, iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 13, mtumishi aitwaye Thord anasema kwamba anamwona mbuzi amelala bondeni ametapakaa damu. Njáll, ambaye ni mwenye hekima, hamwoni mbuzi yeyote. Anamweleza Thord kwamba alichokiona ni mfuasi wake wa rohoni, na kwa hiyo lazima awe feigr, anamwonya ajihadhari. Thord anajibu kwamba kama ameandikiwa, hadhari haitamfaa kitu, naye anauawa muda si mrefu. Katika kisa hiki dalili ni maono. Hakuna furaha yoyote, hakuna uchangamfu wala wepesi. Watu wa huko wana pia jina la kiume Ófeigur, lenye umbo la ukanushi, ambalo mzazi humpa mtoto kwa kumtakia maisha marefu. Jina kama hilo lisingeweza kuwapo kama neno lingekuwa na maana ya njozi.

Sasa Uskoti. John Jamieson, mchungaji wa kanisa aliyechapisha kamusi yake kubwa ya etimolojia ya Kiskoti huko Edinburgh mwaka 1808 katika juzuu mbili, alilikuta neno likiwa hai midomoni mwa watu. Kamusi zilizofuata zimerekodi matumizi ambayo hayahusu hata mtu. Wakulima walizungumza juu ya mazao fey, yaani mazao yaliyostawi kupita kiasi, shamba likaonekana kana kwamba limebarikiwa. Na jambo hilo liliwatia hofu badala ya kuwafurahisha, kwa sababu waliamini kwamba mwenye shamba hatadumu kuyala. Mfano huu una thamani kubwa. Ngano haina moyo wa kuchangamka. Kinachounganisha shamba lililostawi mno na mtu aliyechangamka mno ni wazo moja tu: jambo lililotoka katika kawaida yake linatangaza mwisho wa mwenyewe.

Katika imani ya Waskoti, basi, dalili iliyosikika sana ilikuwa hiyo ya kugeuka tabia. Mkimya akawa msemaji, mkali akawa mpole, mnuna akaanza kuimba njiani. Majirani walitazamana, na neno likatamkwa, aghalabu kwa sauti ya chini na mwenyewe hayupo. Imani kwamba watu hufurahi kabla ya kufa haikuwa ya Waskoti pekee. Shakespeare anamfanya Romeo aitaje katika sehemu ya mwisho ya tamthilia, lakini katika Kiingereza cha London cha miaka ya 1590 inahitaji maelezo ya mistari kadhaa. Mskoti alikuwa na silabi moja.

Aliyeifikisha silabi hiyo kwa wasomaji wa dunia nzima ni Walter Scott. Katika riwaya yake Guy Mannering, iliyotoka mwaka 1815, kuna afisa wa ushuru aitwaye Frank Kennedy, mwindaji wa wafanyamagendo katika pwani ya Galloway. Siku moja anapata habari za meli ya magendo kufukuzwa na meli ya serikali, naye anajawa na msisimko wa ajabu. Mtunza bustani mzee anayemwona anamwambia mmoja wa wajakazi kwamba afisa yule ni fie, ambalo ni neno letu katika tahajia nyingine. Kabla jua halijachwa Kennedy amekwisha kuuawa chini ya jabali la Warroch, na mtoto aliyekuwa naye juu ya farasi ametoweka. Riwaya nzima inasimama juu ya kutoweka huko.

Mtunza bustani alilitumia neno kama lilivyotumiwa siku zote: alitoa hukumu juu ya uhai wa mtu. Lakini Scott alijua kwamba wasomaji wake wa kusini hawangelielewa, kwa hiyo akaongeza maelezo. Na katika maelezo hayo anasema kwamba kwa neno hilo watu wa kawaida huutaja ule uchangamfu mkali ambao wao huuona kuwa ni ishara ya kifo. Fasili hiyo inafaa kusomwa polepole. Kisarufi, kitu kinachotajwa na neno ni uchangamfu. Kifo kimesukumwa nyuma, kikawa imani ya watu fulani juu ya uchangamfu huo. Msomaji wa London ambaye haishiriki imani ya wanakijiji wa Galloway anaweza kabisa kuikataa imani na kubaki na neno. Na neno atakalobaki nalo lina maana ya mwenye msisimko usio wa kawaida.

Miaka michache baadaye Scott alilirudia neno hili katika The Pirate, riwaya iliyobeba mwaka 1822 katika ukurasa wake wa mbele. Mandhari yake ni visiwa vya Shetland na Orkney, vilivyokuwa chini ya wafalme wa Skandinavia hadi 1468 na 1469, na ambako lugha ya Kinorsi iliendelea kuzungumzwa hadi karne ya 18. Si ajabu neno la Kiskoti na lile la Wanorsi yalikutana huko na kupeana nguvu. Safari hii Scott aliweka tanbihi, na tanbihi hiyo ni sahihi kuliko maelezo ya 1815. Anaeleza kwamba mtu akibadilika ghafla, kama bahili kuwa mkarimu au mwenye hasira kuwa mcheshi, Waskoti humwita fey. Kisha anafasili: aliyekadiriwa kufa upesi. Mabadiliko ya tabia, anaongeza, huchukuliwa kuwa dalili ya hakika ya jambo hilo. Hapa kila kitu kiko mahali pake. Maana ni kudra. Tabia ni dalili. Na uhusiano wa viwili hivyo umetajwa wazi.

Mwandishi huyohuyo, mzaliwa wa Edinburgh aliyelelewa kwa sehemu katika nchi ya mipakani, ametoa fasili mbili za neno moja, na tofauti iliyo kati yake ndiyo historia nzima ya neno kwa karne mbili zilizofuata. Haielekei kwamba Scott mwenyewe alibadili mawazo. La kuaminika zaidi ni kwamba mwaka 1815 alikuwa akiandika sentensi ya hadithi, yenye kwenda mbio, na mwaka 1822 alikuwa akiandika tanbihi. Bahati mbaya ni kwamba wasomaji wa riwaya hawasomi tanbihi.

Tangu hapo mteremko ulikuwa rahisi. Mtu mwenye msisimko usio wa kawaida akawa mtu asiye katika akili zake za kila siku. Asiye katika akili zake za kila siku akawa mwenye kuona yasiyoonekana. Na mwenye kuona yasiyoonekana, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ambapo washairi na wachoraji walivutiwa mno na ukungu wa nchi za Wakelti, akawa kiumbe wa kupendeza. Sauti nayo ilisaidia. Kiingereza kina neno fay, lenye maana ya kichimbakazi, linalotamkwa sawasawa na fey. Asili yake ni nyingine kabisa: lilitoka katika Kifaransa cha Kale fae, ambalo nalo lilitoka katika Kilatini fata. Kwa mwanaetimolojia kuna jambo la kuchekesha hapa, kwa sababu fata ni majaaliwa. Maneno mawili yasiyo na damu moja, yote yakiwa yametoka katika wazo la kudra, yalikutana baada ya kila moja kuisahau kudra yake. Mwaka 2000, toleo la tatu la mchezo wa Marekani uitwao Dungeons & Dragons lilitumia tahajia fey kuwa jina la aina nzima ya viumbe wa kichawi. Vijana wengi wanaolifahamu neno hili leo wamelijua huko, tena kama nomino.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza yanamhusu nini haya. Yanamhusu mara mbili: kwanza kwa kuwa lugha yake imepitia jambo linalofanana, pili kwa kuwa ndiye atakayelitafsiri.

Neno ajali limetoka katika Kiarabu, ambamo ajal ni muda uliowekwa, na hasa muda wa uhai wa mwanadamu, usiosogezwa mbele wala nyuma. Kwa maana hiyo mzee akiwa amelala kitandani mwake, amezungukwa na wajukuu, akafa kwa utulivu, amefikiwa na ajali yake. Leo kauli hiyo ingemfanya msikilizaji aulize ni gari gani. Kifo cha ghafla barabarani kilikuwa namna moja tu ya kufikiwa na muda. Namna hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoonekana na kuripotiwa, ikalichukua neno zima. Methali isemayo ajali haina kinga imebaki na maneno yake yote na kupoteza nusu ya uzito wake. Ikisomwa kwa maana ya zamani, inasema jambo lilelile alilolisema Thord kwa Njáll. Ikisomwa kwa maana ya sasa, inafaa kubandikwa nyuma ya lori. Wapo watakaodai kwamba maana zote mbili zingali hai, na ni kweli kwa wasomaji wa tenzi na kwa wenye elimu ya dini. Lakini gazeti halina ila moja.

Kwa hiyo mfasiri atakayekimbilia ajali ili kulitafsiri fey atakuwa ametoka katika neno lililopotoka na kuingia katika jingine. Lakini Kiswahili kina njia nyingine, nayo imo katika methali inayojulikana na kila mtoto wa shule: sikio la kufa halisikii dawa. Muundo wa la kufa ni a-unganifu pamoja na kitenzi-jina. Muundo huo una kazi kadhaa. Katika maji ya kunywa unaonyesha matumizi, katika chumba cha kulala vilevile. Katika sikio la kufa hauonyeshi matumizi, wala hausemi kwamba sikio limekwisha kufa au linakufa sasa. Unasema kwamba kufa ndiko lilikoelekezwa. Hiyo ndiyo fǣge, kiungo kwa kiungo. Na methali hiyo, kama neno la Kiskoti, inatoa hukumu juu ya kudra kwa kutazama dalili. Dalili yenyewe ndiyo iliyo tofauti. Waskoti waliitazama furaha isiyo na sababu. Waswahili wameutazama ukaidi, kutosikia, dawa kutiwa na isiingie. Anayesema sikio la kufa halisikii dawa juu ya kijana asiyeshika nasaha hasemi kwamba kijana ni mkaidi. Ukaidi kila mtu anauona. Anasema jambo ambalo wengine bado hawajalisema.

Inawezekana pia kuuliza kwa nini methali hiyo haikuteleza kama fey. Jibu liko katika umbo lake. Fey ni silabi moja isiyo na kiungo chochote cha kuikumbusha maana, hivyo mtu asiyelijua hulazimika kukisia kutokana na muktadha, na muktadha humwonyesha dalili. Katika sikio la kufa, kufa kwenyewe kumetajwa. Hakuna namna ya kulisikia tungo hilo na kuambulia ukaidi peke yake.

Suala hili lina matokeo kwa kazi halisi ya tafsiri. J. R. R. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha Kale katika Chuo Kikuu cha Oxford tangu mwaka 1925 hadi 1945, na alipoandika riwaya hakuandika fey kwa kubahatisha. Katika The Return of the King, iliyotoka mwaka 1955, mfalme mzee Théoden anaongoza mbio za farasi kuelekea vitani alfajiri. Amekuwa mwepesi ghafla, uzee umemtoka, hakuna awezaye kumfikia, na mwandishi anasema kwamba alionekana fey. Mfasiri atakayefungua kamusi ya kawaida na kuchukua fasili ya kwanza ataandika kwamba mfalme alionekana kama kichimbakazi, au kama mtu aliye ndotoni. Atakayechukua fasili ya Scott ya mwaka 1815 ataandika kwamba alijawa na msisimko, na msomaji atafurahi pamoja na mfalme. Atakayeifuata tanbihi ya mwaka 1822 ataandika kwamba alionekana kama mtu wa kufa, na msomaji wa Kiswahili atajua, kurasa kadhaa kabla farasi hajaanguka, kwamba Théoden hatoki katika uwanja ule.